Salamu Iliyochelewa

Tairi la lori lilipopasuka katikati ya soko kuu la Bunia, soko zima lililala chini. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Miaka hiyo ya vita watu wa Bunia walikuwa wameshazoea kulala kwanza na kuuliza baadaye. Mama wa ndizi alilala juu ya ndizi zake, muuza redio akazikumbatia redio zake, na Musoki, fundi cherehani wa mtaa wa Mbunya aliyekuja kutafuta uzi wa rangi ya machungwa, akajikuta chini ya meza ya makayabu, samaki wa chumvi wakimdondokea mgongoni.

Hakuwa peke yake chini ya ile meza. Pua kwa pua naye alilala kijana mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi vizuri mno kwa siku ya kulala mavumbini.

"Jambo, mama," kijana akasema, kwa adabu zote.

Musoki alimtumbulia macho. "Unasalimia batu chini ya meza?"

"Sasa ningoje tusimame? Kama ni kufa, tukufe tumesalimiana."

"Jambo sana basi," Musoki akajibu, meno yakigongana.

"Moyo yako inapiga ngoma. Niko naisikia mupaka huku."

"Na yako?"

"Yangu inapiga kuliko. Lakini niko naipumulia. Ingiza hewa na pua, toa polepole, kama vile unapooza chai. Haya, tupooze chai pamoja."

Wakapooza chai isiyokuwepo, nyuso zao zikiwa karibu kiasi kwamba kila mmoja alijua mwenzake alikula nini asubuhi. Kijana alikuwa amekula mahindi ya kuchoma. Juu yao mwenye meza alipiga kelele: "Muinuke, ilikuwa tairi! Na nyinye wawili, kama munataka kuoana, mukaoane kwenu. Hapa ni pa makayabu!"

Soko lilicheka, na kicheko cha watu walioponea chupuchupu ni kitamu, hakiishi upesi. Musoki alisimama akijikung'uta chumvi. Alivaa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano na blauzi ya mabega yaliyovimba, kazi ya mikono yake mwenyewe, na kijana alipomwangalia vizuri alisahau lile neno alilotaka kusema. Jina lake alilikumbuka kwa shida. Aliitwa Lucien, fundi wa kupaua nyumba.

Sasa niwaambie kuhusu mishono ya Musoki, maana ndiyo iliyoanzisha mambo. Alikuwa fundi hodari kabla ya vita. Lakini tangu vita, mlango ukibamizwa, sufuria ikianguka, miguu yake iliruka kutoka kwenye pedali, na sindano ikaenda ilikotaka. Ukishika gauni lake ungeweza kusoma ubavuni mahali bunduki ilipolia. Wateja walimpenda, wakavaa hivyo hivyo, lakini yeye aliona aibu. Usiku hakulala vizuri, na mchana aliishi huku masikio yamesimama. Dada yake mkubwa, Mbambu, ambaye alikuwa anapanga naye nyumba moja, alisema amekuwa kama paka wa dukani.

Lucien alileta suruali ifupishwe. Kesho yake akaleta nyingine. Akaleta nyingine tena, mpaka siku moja akaja amevaa kaptula ya mpira, maana suruali zote alizokuwa nazo duniani zilikuwa mezani kwa Musoki.

"Weye mwanaume," Musoki akamwambia, "umekuwa mufupi ghafula, ao unatafuta kitu ingine?"

"Ninatafuta kitu ingine. Lakini fupisha kwanza na hiyo."

Ndipo akamweleza habari zake. Kabla vita havijafunga nyumba ya watawa, alikuwa huko, karibu aweke nadhiri. Padri hakuwa, na bwana wa mtu hakuwa bado. Kitu kimoja tu alitoka nacho: kukaa kimya kila asubuhi. Anakaa, anafumba macho, anafuata pumzi inavyoingia na kutoka, basi. Alisema vita vilipomkuta hakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Kumbe nilipenda padri!" Musoki akashangaa, kisha akaziba mdomo, neno likiwa limeshatoka.

"Umesema ulipenda?"

"Nimesema makayabu. Kamata suruali yako, Mompere, uende."

Tangu hapo akawa Mompere, yaani padri kwa Kifaransa cha mtaani, hata kwa majirani.

Alimfundisha kukaa. Alisema asitafute saa maalumu wala mahali patakatifu, aitundike tabia mpya kwenye tabia ya zamani, kama unavyotundika koti kwenye msumari uliopo. Kila asubuhi Musoki aliwasha mbabula, lile jiko lake la makaa, mbele ya mlango, akateleka maji ya chai. Basi akae hapo hapo kwenye kigoda mpaka kifuniko cha sufuria kianze kucheza. Kifuniko kikicheza, amemaliza.

"Na mawazo ikikuya?"

"Usiipige. Isalimie, uiache ipite. Lakini batu, usiwajibu. Ukianza kujibu batu, haukai tena, unafanya soko."

Asubuhi ya kwanza Musoki aliyasalimia mawazo mengi kuliko abiria wa lori la Komanda. Kola ya mteja wake Mama Gracia ilipita, usingizi alioukosa ukapita, shati la bluu likapita likarudi, likakaa kabisa. Alifungua jicho moja kuangalia kama sufuria haijaibiwa. Asubuhi zilizofuata alidanganya pia. Mtu akipita na kusema jambo, yeye alijibu kwa pembe ya mdomo, macho nusu. Hata hivyo hakuacha. Siku moja, akishona, mtoto wa jirani alipasua puto dirishani. Moyo wa Musoki uliruka. Miguu haikuruka. Aliutazama mshono uliobaki umenyooka, akaushika, akaubusu.

Lucien alipata kazi Nyankunde, kupaua nyumba za watu walioanza kurudi. Simu zilikuwa zimefika Bunia, lakini kule ilimbidi apande kilima ndipo mtandao upatikane. Kila jioni alipanda.

"Chérie, unaona leo nilipaua vizuri juu ya kukufikiri."

"Hiyo nyumba itavuja."

"Acha ivuje. Dimanche, Jumapili hii, ninarudi, ninakupeleka kwa mama. Amekuwa anauliza kama huyu mushonaji anajua kusonga bugali ao ni bitambaa tu. Uko naogopa?"

"Niko nakufa na woga."

"Basi kesho asubuhi ukae ya kweli. Kaza. Ata kama muntu gani anapita, usijibu mupaka kifuniko icheze. Unaniahidi?"

"Ninakuahidi, Mompere. Na weye shuka hiyo kilima, mvua iko nakuya."

Sasa, msomaji wa mbali huenda hajui, kwa hiyo nitamwambia. Bunia ya miaka ile, salamu ndizo zilikuwa habari. Redio ilisema lake, wakubwa walisema lao, lakini mtu wa kawaida alipotaka kujua kama leo atalala nyumbani, alimsalimia jirani. Akiitikiwa, aliweka maharage jikoni. Jirani akigeuza uso, akinyamaza, maana yake anajua kitu ambacho wewe hujakijua, na hapo ulifunga godoro. Musoki mwenyewe alilijua hilo toka kichwani mpaka vidole. Lakini alikuwa ameahidi, na mwanamke aliyependa ana kichwa kigumu.

Asubuhi ile alivaa kitenge safi, akawasha mbabula, akakaa. Mbambu alikuwa ameshatoka kwenda sokoni. Pumzi iliingia, ikatoka. Mtu akapita, akasalimia, Musoki hakujibu. Sauti ya mwanamke ikaja karibu zaidi, ya mtu mzima, taratibu: "Jambo, mutoto yangu. Habari ya kuamuka?" Musoki akaisikia kama inavyosikika mvua ya jirani. Akaiacha ipite. "Jambo?" sauti ikarudia, na safari hii ilitetemeka. Pumzi iliingia, ikatoka. Kwa mara ya kwanza tangu vita alikuwa amefika mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuogopa, pamekuwa papana na safi, na hata kifuniko kilipoanza kucheza alikiacha kicheze kidogo.

Alipofungua macho, mtaa mzima ulikuwa umehama.

Palibaki kuku mmoja na ndala moja ya mguu wa kushoto. Mwisho wa barabara godoro la mistari lilikuwa linakata kona juu ya kichwa cha mtu. Musoki hakungoja maelezo. Utulivu wote ukamtoka, akang'oa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akajitwika, akakimbia. Kwenye kona alimkuta Félicien, muuza sabuni, akisukuma baiskeli iliyopakiwa katoni mpaka juu.

"Félicien! Kuko nini?"

"Sijue! Bote bamekimbilia ku aéroport, kwa basoda ba Umoja wa Mataifa. Banasema mushonaji moja wa hapa Mbunya ameacha kusalimia batu. Mama moja wa Bule amemusalimia, akarudilia, huyu kimya, amefunga macho kama muntu anaomba juu ya maiti!" Kisha akamwangalia vizuri, na kile kichwa cha cherehani. "Ee, Musoki. Si ni weye?"

Musoki aliishusha cherehani chini polepole. Mama mmoja wa Bule! Mama yake Lucien, ambaye walikuwa hawajaonana bado, alitoka kijiji cha Bule. Na kila asubuhi, Lucien alishamwambia, alipita njia ile kwenda misa. Alikaa juu ya cherehani yake katikati ya barabara, akatamani ardhi impokee.

Simu ikalia kabla hajaitoa mfukoni.

"Musoki, umefanya mama yangu nini?" Ilikuwa sauti ya Lucien, na upepo wa kilima nyuma yake. "Nilipanda kilima nikuulize vile umekaa, mama akanipigia na simu ya muntu, analia, iko ku aéroport na godoro!"

"Nilifanya ile ulisema!"

"Alikusalimia!"

"Weye mwenyewe ulisema nisijibu ata muntu!"

"Muntu, ndiyo! Mais si mama yangu!"

"Na nitamujua je, na macho nimefunga? Ulinifundisha kusalimia mawazo, Lucien, ukasahau batu!"

Lucien akashusha sauti, akasema, "Mama anasema dimanche haiko tena. Anasema hawezi kuingiza mu nyumba yake muntu mwenye..." Na hapo unite zake, salio la simu, zikaisha.

Musoki aliiangalia ile simu kama inaweza kuona haya. Hakuwa na unite hata za kubipu. Mwenye nini? Mwenye kiburi? Mwenye siri? Angeweza kurudi nyumbani akalie vizuri, na haki ya kulia alikuwa nayo. Lakini alimtaka Lucien, na alijua mlango wa kwa Lucien uko wapi: umekaa juu ya godoro, uwanjani.

"Félicien, nibebee mashini kwenye baiskeli," akasema. "Tunaenda aéroport, nikasalimie."

Kando ya uwanja wa ndege, nje ya kambi ya wanajeshi wa kigeni, Mbunya yote ilikuwa imejipanga kwenye majani pamoja na sufuria zake. Musoki alianza na wa kwanza aliyemkuta. Alisimama mbele yake, akamtazama usoni, akasema jambo, akangoja jibu mpaka liishe, ndipo akaeleza. Akaenda kwa wa pili. Wengine walimcheka mpaka machozi. Mama Gracia alimtukana kwanza, kisha akauliza kola yake imefikia wapi. Mzee mmoja alimwambia, kwa hasira, kwamba amebeba kitanda bure. Musoki aliwapokea wote. Na katikati ya kazi ile akaona kitu: miaka yote alisalimia watu akiwa anaangalia miguu yao ikipita. Sasa aliwaona. Pumzi iliingia na jambo, ikatoka na jambo sana, na moyo wake ulikuwa umetulia kuliko kwenye kigoda. Akajisikia vizuri, aibu na yote.

Mwisho kabisa, karibu na waya, alikaa mama mwembamba mwenye kitambaa cheupe cha misa kichwani, mgongo wima juu ya godoro la mistari. Alikuwa na macho ya Lucien: ndiye Mama Véronique, mama yake.

"Jambo, mama," Musoki akasema, akipiga goti.

Mama Véronique aligeuza uso.

Musoki hakurudia salamu, wala hakuondoka. Alikaa kwenye majani pembeni ya godoro, akiwa ametulia, macho wazi, akangoja. Jua likapanda. Baada ya muda mrefu yule mama alisema, bila kumtazama:

"Kule Bule nilikuwa na jirani. Tulisalimiana juu ya lupango, ukuta moja tu kati yetu, miaka yote, tulizaa batoto pamoja. Asubuhi moja nikamwambia jambo, akanyamaza. Nikajisema labda iko na malaria. Nikaweka maharage ku moto." Akakung'uta kitu kisichokuwepo kwenye godoro. "Ile maharage haikuiva. Mupaka magharibi nyumba haiko, na baba yake Lucien haiko. Sasa weye unanyamaza, mutoto, halafu unataka niseme unakuwa na adabu?"

Musoki aliinamisha kichwa. "Nimekutesa, mama. Sikujua. Ningejua, ningetupa sufuria yote nikuitikie."

Wakati huo ndege kubwa ya mizigo iliwasha injini zake nyuma ya waya, ngurumo ikaingia mpaka kwenye meno, na Mbunya yote ikalala chini. Mkono wa mama ulimdaka Musoki kama koleo. Moyo wa Musoki ulienda mbio, lakini miguu ilikaa.

"Mama, ni ndege tu. Ingiza hewa na pua. Toa polepole, vile unapooza chai. Tupooze pamoja."

"Chai iko wapi?" mama akauliza, macho yamefumbwa kwa nguvu.

"Iko nakuya."

Wakapooza. Ndege ikapaa, ikawa sauti, ikawa kimya. Wakaendelea kupooza. Mkono ulilegea kidogo, na kitambaa cheupe kikaanza kuinama, kikainama, mpaka kikatua begani kwa Musoki. Mama Véronique alilala palepale mchana kweupe, mdomo wazi, kama mtoto. Watu waliomfahamu walisema hawajawahi kumwona amelala. Musoki hakuthubutu hata kufukuza nzi.

Lucien alifika kwa pikipiki ya kukodi, mwekundu wa vumbi mpaka kope, shati la bluu halijulikani tena. "Musoki! Jambo!" akaita toka mbali.

Musoki hakujibu.

"Musoki, nimesema jambo." Alifika, akapiga magoti, uso umeanguka. "Unakasirika? Nilipanda kilima, unite haiko. Niliomba pikipiki ata sikumaliza paa ya batu. Nikusalimie tena?"

Musoki alizungusha macho, akaelekeza kidevu begani. Ndipo Lucien akamwona mama yake. Alikaa chini taratibu, akamtazama muda mrefu, akafuta macho kwa mkono wa vumbi, akatoka na matope mashavuni.

"Ile alisema ku simu," akanong'ona, "alisema hawezi kuingiza mu nyumba muntu mwenye anamuogopesha. Aliogopa, Musoki. Aliogopa tu. Na kosa ni yangu. Nilikufundisha kama vile dunia ni nyumba ya watawa." Akasogea. "Unioe. Hapana, mimi nikuoe. Usisonge, utamuamusha. Kama unakubali, pumua."

"Mujinga!" Musoki akanong'ona, akicheka bila kutikisa bega. "Na kama sikubali, nikufe?"

"Kwa hiyo unakubali."

Akavuta pumzi ndefu, kamili, ya kutosha kanisa zima kuiona, akaitoa polepole. Lucien alifumba macho kwa furaha.

"Jambo sana, mutoto yangu," ikasema sauti begani.

Mama Véronique alikuwa bado amefumba macho. Salamu ya asubuhi ilikuwa imefika mchana, imechoka lakini nzima. "Dimanche ikuwe dimanche," akaendelea. "Na weye Lucien, usimufundishe tena kunyamaza. Umufundishe kupaua. Sasa munyamaze, nilale kidogo."

Jioni magodoro yalirudi Mbunya kwa kelele na utani, kila mtu akimtania Musoki kwamba kesho anyamaze tena, Félicien apate kuuza sabuni njiani. Asubuhi mtaa mzima uliamka mapema kupita mlangoni kwake kumjaribu. Mbabula iliwaka, sufuria ilikuwa juu. Musoki alikuwa ameshaamua kwamba ataitikia kila mmoja, pumzi kwa pumzi, lakini hakuhitaji. Mama Véronique alikuwa amekuja kabla ya misa na kigoda chake, akakiweka pembeni ya kile kingine, akakaa wima na kitambaa chake cheupe.

"Jambo, Musoki!" akaita Félicien kutoka juu ya baiskeli.

"Jambo sana," akajibu Mama Véronique. "Huyu iko muzuri. Iko napumua tu."